Mtoa Habari Namba 14

Maktaba hufunguliwa saa mbili,
lakini ukifika saa mbili na dakika tano
viti vya dirishani vimekaliwa na madaftari
ya watu waliokwenda kunywa chai.
Bibi Kalunde huyaondoa bila kuuliza.
"Daftari halisomi," husema.

Tabora, mwezi wa tisa. Vumbi huingia na kila mtu,
hupanda rafu kama msomaji asiye na kitambulisho.
Kompyuta ziko sita, nzima ni tatu,
na ya tatu herufi A imefutika kabisa:
tunaijua kwa kidole.

Nilimwendea na mada pana: Asali ya Tabora.
Akaitazama kama fundi anavyotazama suruali ya kurithi.
"Ya lini? Ya nani? Punguza."
Nikapunguza.
"Bado inaburuta. Punguza tena."
Jioni tulikuwa tumeacha asali yenyewe,
tumebaki na nta,
nta ya Sikonge, na wanawake walioipika.

Akanifundisha kuuliza.
Mashine si shangazi yako, haijui ulichomaanisha.
Andika nta. Ikikataa, andika masega.
Ikikataa, tafuta kata hiyo kwa jina lake la zamani.
Na kitabu ukianze mkiani, kwenye marejeo,
huko ndiko waandishi husahau kujificha.

Mkiani mwa kitabu kimoja palikuwa na tasnifu,
na tasnifu ilikuwa chumba cha nyuma,
imepigwa taipu, imeshonwa kwa uzi,
karatasi zina rangi ya chai iliyopoa.
Haiazimwi. Husomewa pale pale, mbele ya macho yake.

Ukurasa wa sitini na mbili.
Mtoa habari namba 14. Mwanamke. Umri: kama thelathini.
"Nta haikorogwi kabla haijakaa;
hata mgeni hupewa kiti kwanza."

Umeme ukakatika. Au ni mimi.

Sentensi hiyo nimelelewa nayo.
Nimeisikia juu ya sufuria ya wali,
juu ya ugomvi wa dada zangu,
juu ya matokeo ya kidato cha nne yalipochelewa.
Sijapata kuisikia kinywani mwa mtu mwingine.

Nikatoka nje, nikapiga simu.
"Mama, aliwahi kuja mtu kukuuliza habari za nta?"
Kimya. Sauti ya kuku. Kisha:
"Yule kijana wa miwani? Alikula kwangu siku nne.
Aliahidi kuniletea kitabu.
Kimefika?"

Nilirudi ndani sijui swali langu liko rafu gani.
Bibi Kalunde hakusema pole.
Alivuta kiti, akasubiri nikae,
ndipo akafungua orodha ya vitabu
kwa mlango wake yeye, ule tusioruhusiwa.
"Jina lake kamili?"
Nikataka kutaja.
"Ngoja. Ameridhia? Usimjibie.
Mpigie tena umuulize.
Hiyo nayo ni utafiti."

Aliridhia. Alilitaja polepole,
silabi moja moja, kama anayesimamia mizani
asije akapunjwa:
Nyanzala Kasanda, wa Ipole.

Nenda sasa kompyuta ya tatu,
bonyeza penye ile A isiyoonekana, mara sita.
Matokeo: 1.
Mahali: chumba cha nyuma. Haiazimwi.

Mama anauliza kama ataruhusiwa kuingia,
maana kitambulisho cha chuo hana,
na kanga aliyonayo ina harufu ya moshi.
Nilifikisha swali.
Bibi Kalunde aliinua macho kutoka daftari la faini.
"Aje Jumanne, siku hiyo watu ni wachache.
Ila wewe, kile cha takwimu kimechelewa siku tisa.
Mia tisa. Leo leo."